Dobi Aliyetaka Watu Waseme

Mtaani kwetu yupo dobi mmoja. Jina analo, lakini hakuna anayelitumia. Hata mimi niliyemjengea ukuta wa kibanda chake humwita Dobi, naye huitika. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto kwa uzito wa pasi. Pasi yake ni ya makaa. Umeme hauamini. Mkewe alimwacha akaenda kwa fundi umeme, lakini yeye anasema sababu si hiyo.

Kazi anaijua. Hilo niliseme mapema, maana mengine nitakayosema si ya kumsifu. Anajaza maji mdomoni, anayapuliza juu ya kitambaa kama manyunyu, kisha pasi inapita. Shati likitoka kwake unaogopa kuketi nalo. Vifungo tu ndivyo vilikuwa vikimshinda. Alikuwa akiviyeyusha, na mke wangu, ambaye alikuwa mshonaji, akivirudishia vingine.

Kitu kimoja alikikosa: cheo. Alikitafuta kila mahali. Kwenye kamati ya harusi aliomba uandishi, akapewa kubeba viti. Kwenye kamati ya mazishi aliomba kusoma risala, akapewa kushika miavuli. Hakukasirika. Viti alivipanga kwa mstari, na miavuli akaihesabu.

Kisha akapotea mtoto. Mtoto wa jirani, miaka mitatu. Mtaa mzima tulitoka kumtafuta, na wote tukapita njia moja, kwa sababu hakuna aliyemwambia mwenzake amekwisha kutafuta wapi. Saa tano nzima. Mtoto akaonekana kwenye tenga la Dobi, amelala chini ya mashuka ya watu. Dobi mwenyewe ndiye aliyekuwa ameongoza msafara wa kumtafuta.

Siku ile alisema, "Tatizo letu hatuzungumzi." Jioni yake akaanzisha grupu la simu. Akaliita Majirani Tuzungumze. Akawa admini. Ikawa ndiyo mara ya kwanza mtu yule kupata cheo ambacho hakuna wa kumnyang'anya.

Waliingia watu sabini na wawili. Mke wangu alikuwa wa tatu. Mimi sikuingia. Sikusoma, na simu yangu ni ya vitufe tu, ya kupiga na kupokea. Herufi nilizijua kwenye mifuko ya saruji nikiwa mwashi, na zilizobaki alinimalizia mke wangu.

Mwanzoni grupu lilikuwa na kazi. Maji mtaani kwetu hutoka yanapotaka. Mke wangu alikuwa na bomba karibu na dirisha, akilisikia linakoroma anashika simu na kusema humo: "Jamani, maji hayo! Kingeni, msije mkasema sikusema." Hakuandika. Alisema, kisha anacheka kidogo mwishoni, kama aliyefanya utundu. Ndoo zilikuwa zikilia mtaa mzima.

Mwezi wa tatu akafariki.

Kwenye mazishi Dobi alinijia, kofia mkononi, simu mkono mwingine.

"Mzee, pole sana. Nimekuja kukuambia grupu limekulilia. Pole mia moja na arobaini."

"Wapo sabini na wawili," nikamwambia.

"Wengine wamekupa mara mbili, mzee."

Jeneza tulilibeba watu tisa. Sikumwambia hilo. Yeye alikuwa mmoja wa wale tisa, na bega lake la chini lilitupa shida.

Baada ya hapo grupu likapoa. Maji yakitoka, hakuna aliyesema. Aliyeyasikia alikinga yake na kunyamaza. Watu walituma picha za maua asubuhi, na dua zinazomtaka msomaji awapelekee watu kumi la sivyo atapata mkosi. Mmoja akauza friji. Wawili wakagombana juu ya taka. Kisha hata ugomvi ukaisha. Kimya kama maji mtungini.

Dobi hakukubali. Akaweka ratiba. Jumatatu mada ya afya, Jumanne malezi, Jumatano ndoa. Mtu asiye na mke wala mtoto. Anaandika, "Ndugu wanachama, mnaonaje?" Anangoja. Hakuna anayejibu. Saa mbili baadaye anaandika mwenyewe, "Naona mmeafiki." Mambo mengi mtaani kwetu yalipitishwa hivyo.

Nayajua haya kwa sababu simu ya mke wangu ninayo. Kila asubuhi naiweka kwenye chaji. Naisikiliza sauti yake, maji hayo, kingeni, kisha naendelea na siku. Sasa ukiwa na simu ya mwanachama wa grupu, grupu linakuja nayo. Nikawa nasoma matangazo ya Dobi. Nasoma taratibu. Nadhani nilikuwa msomaji wake peke yake.

Alipoona maneno hayafai, akatumia suruali.

Nilikuwepo siku hiyo, nimepeleka koti langu. Akaja kijana wa benki kuchukua nguo zake.

"Suruali yangu tayari?"

"Tayari tangu jana," Dobi akasema. Hakuitoa. "Umeona mada ya leo kwenye grupu?"

"Sijaona."

"Andika salamu kwanza, ndipo uchukue suruali."

"We Dobi, mimi nimechelewa kazini!"

"Salamu haichukui dakika."

Kijana akatoa simu, akaandika neno moja, akaionyesha kama kitambulisho getini. Dobi akaifungua simu yake, akahakikisha, akaitoa suruali. Kijana alipogeuka tu nikamwona anazima sauti ya grupu. Dobi hakuona. Alikuwa anasoma ile salamu kwa mara ya pili, anatabasamu.

Wiki mbili nguo zilitoka kwa salamu. Wiki ya tatu watu walianza kupeleka nguo kwa dobi wa ng'ambo ya barabara, anayetumia umeme na hana mambo.

Muuza mkaa ni mama mmoja mnene, mdomo wake hauna breki, na ndiye anayemuuzia Dobi makaa. Akamwambia mbele yangu, "Dobi, unajipalia makaa, na safari hii si niliyokuuzia mimi."

"Mama Mkaa, wewe mwenyewe mara ya mwisho uliandika lini?"

"Niandike nini? Si nakuona kila siku? Nikitaka kukutukana nakutukana hapahapa."

"Ndiyo shida yenu. Mnasema njiani. Ndani hamsemi."

Na kweli, alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kuwauliza watu kwa nini hawasemi. Kila nyumba alikaa nusu saa. Akapewa chai, akaambiwa habari za watoto, za magoti, za mwenye nyumba. Akasikiliza yote. Akirudi ananiambia, "Mzee, nimezunguka nyumba kumi na nne leo. Hakuna hata mtu mmoja aliyezungumza na mimi."

Mwezi wa kumi na moja akatoa Sheria ya Tano. Aliiandika kwa herufi kubwa, kwa hiyo niliisoma haraka kidogo. Kila mwanachama aandike NIPO kabla ya Jumamosi saa kumi jioni. Asiyeandika ataondolewa. Chini yake akaweka orodha ya wasiosema, aliyenyamaza muda mrefu zaidi juu.

Wa kwanza alikuwa mke wangu.

Nilisoma mara tatu. Nilidhani macho. Nikangoja mtu aseme, We Dobi, huyo si tulimzika? Ijumaa nzima nikangoja. Watu sabini. Hakuna aliyesema, kwa sababu hakuna aliyesoma.

Nikaenda kibandani. Alikuwa anazungusha pasi hewani kuchochea makaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Dobi, umemweka mke wangu kwenye orodha."

Akaiweka pasi chini. Akatoa simu, akatazama. Akaisogeza orodha kwa kidole.

"Naona," akasema. "Ni ya miezi minane hiyo."

"Ameacha kusema kwa sababu unayoijua."

"Naijua, mzee. Mwenzangu wa vifungo alikuwa. Lakini sheria haikuandika sababu. Nikimwacha huyu, kesho kila mtu ataniletea sababu yake. Mama Mkaa atasema na yeye marehemu."

"Mwache tu jina likae. Halili, halinywi."

Nilimwona anataka kukubali. Kisha cheo kikampanda.

"Mzee wangu, mambo ya grupu yasemwe ndani ya grupu. Hiyo ni Sheria ya Pili. Na wewe, samahani sana, si mwanachama."

Nikaondoka bila koti langu.

Wengine wataona ni jambo dogo. Jina kwenye simu. Lakini nguo zake binti yetu alizigawa, kitanda tulikibadili, cherehani ilichukuliwa na mpwa. Pale ndipo mahali pekee alipokuwa bado ameandikwa pamoja na watu. Sikutaka atolewe kama mtu aliyekosa adabu.

Jumamosi nilikaa mezani na simu yake. Kidole changu ni cha mwashi, kimoja kinafunika herufi tatu. Nikaanza saa tisa na nusu. N ilitoka haraka. I ikawa O. Nikafuta. Nikafuta zote kwa bahati mbaya. Nikaanza tena. Waliokwisha kuandika kabla yangu walikuwa wawili, Dobi mwenyewe na Mama Mkaa, ambaye alilazimishwa siku ya kuleta gunia. Saa kumi kasoro dakika kumi nikalimaliza neno, nikalituma.

Kwenye simu za watu likatokea kwa jina la mke wangu, na picha yake pembeni, anacheka: NIPO.

Kwa dakika moja hakuna kitu. Kisha simu ikaanza kutetemeka, ikatembea yenyewe juu ya meza kama mende.

"Nani huyu?"

"Jamani si tulimzika?"

"Acheni utani na mambo ya watu."

"Mimi nilimwosha kwa mikono yangu."

"Mungu wangu amefunga na nukta."

Nukta niliigusa kwa bahati mbaya. Waliokuwa kimya tangu mwezi wa tatu wakasema wote. Aliyeuza friji akasema. Waliogombana juu ya taka wakasemezana kwa upole. Nje nikamsikia Mama Mkaa akipiga kelele, kisha gunia likianguka. Kisha yakaanza yale maandishi madogo ya katikati: fulani ameondoka, fulani ameondoka. Walioshindwa kutoka kwa kuchoshwa walitoka kwa woga.

Simu yangu nyingine ikalia. Binti yangu, yuko mbali, ameolewa.

"Baba. Simu ya mama iko wapi?"

"Mkononi mwangu."

Nikasikia anavuta pumzi.

"Mama Mkaa amenipigia. Baba, umenitoa roho."

"Na wewe si umo humo? Hukuona orodha?"

"Nilizima sauti, baba. Tangu zamani."

Aliniuliza kama nimekula, nikasema nimekula.

Mlango haukubishwa, ulifunguliwa. Dobi. Mkono mmoja simu, mkono mwingine pasi, moshi unatoka. Alikuwa amekimbia nayo mtaa mzima. Nikamwambia aiweke kwenye sakafu, si kwenye meza.

"Mzee, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kwa nini mzee?"

"Ulisema mambo ya grupu yasemwe ndani ya grupu."

"Nilisema."

"Basi nimesema."

Akakaa kwenye kiti. Jasho linamtoka. Nilidhani atalia, au ataniomba radhi. Akatazama simu.

"Ujumbe mia moja themanini na sita," akasema polepole. "Ndani ya dakika ishirini. Mzee, tangu nianzishe..." Akaisoma namba tena. "Mzee, Jumamosi ijayo anaweza kuandika tena? Kitu kidogo tu. Hata salamu."

Nikamtazama. Mtu mwenyewe akaona.

"Nisamehe," akasema. "Nimesema upumbavu."

"Umesema."

"Ile orodha sikutazama majina, mzee. Nilitazama namba." Akaisogeza pasi kwa mguu. "Mimi nikiamka, wa kwanza kusema naye ni shati. Shati la mtu. Nikasema angalau watu hawa wanijibu. Wakija kuchukua nguo wananiuliza tayari? Basi. Siku nzima neno ni hilo moja, tayari."

Nikamwekea chai. Aliinywa, akanyanyuka, na alipofika mlangoni cheo kikamrudia.

"Kisheria, mama amebaki," akasema. "Ameandika kabla ya saa. Ukiacha mimi na Mama Mkaa, wengine wote waliandika mengi, lakini hakuna aliyeandika NIPO."

Na kweli alifanya hivyo. Usifikiri alitania. Saa kumi na moja aliwaondoa wote waliokuwa wamesalia, mmoja mmoja, kwa kuvunja Sheria ya Tano. Binti yangu naye akatolewa. Wakabaki watatu. Jumapili asubuhi Mama Mkaa akatoka mwenyewe. Aliniambia dirishani, "Baba, usinielewe vibaya, nilimpenda sana mkeo. Lakini grupu moja na marehemu, mimi hata kwa dawa."

Wakabaki wawili: Dobi na mke wangu.

Mimi nilitosheka. Jina limekaa. Dobi naye akaendelea na ratiba. Jumatatu afya, Jumanne malezi. Mnaonaje. Naona mmeafiki.

Haikupita wiki, wale waliotoka wakatengeneza grupu jipya. Mama Mkaa ndiye admini, na halina sheria. Kila mtu akaingizwa isipokuwa Dobi. Lakini watu wetu si wabaya, na dobi wa umeme alikwisha kumuunguzia kijana wa benki suruali mbili. Wakatuma neno: Dobi aje, ila awe mwanachama wa kawaida, na lile la zamani aliache.

Akaja kwangu Ijumaa, ameleta koti langu. Hakukaa.

"Mzee, wananiita kule."

"Nimesikia. Nenda."

"Nikitoka, mama atabaki peke yake."

Alisema hivyo na uso mkavu kabisa. Sikujua kama ni huruma au anatafuta mtu wa kumzuia. Kwa Dobi vitu hivyo viko mfuko mmoja.

"Nenda, mwanangu," nikamwambia. "Ameshazoea."

Akasimama pale mlangoni, akabonyeza. Simu ya mke wangu ikalia juu ya meza. Nikaisoma taratibu, yeye akiwa bado amesimama. Ilisema Dobi ameondoka. Chini yake ikasema: Wewe sasa ni admini.

"Ni nini?" akauliza.

Nikamwonyesha. Akaisoma, akarudia, midomo inacheza. Kumbe grupu halikai bila mkubwa. Mkubwa akitoka, simu yenyewe inamteua aliyebaki. Mke wangu hakuwahi kutaka cheo hata kidogo. Walimpa uweka hazina wa kina mama mara moja, akajificha jikoni mpaka wakachagua mwingine.

"Hongera zake," Dobi akasema. Akaenda, bega moja chini.

Kule kwingine alikaa siku nne. Siku ya kwanza alisalimu. Siku ya pili aliuliza kama kuna ratiba. Siku ya tatu akaandika kwamba grupu lisilo na sheria ni kama suruali isiyo na mshipi, akapendekeza sheria tatu, akauliza wanaonaje. Walikuwepo watu sabini. Hakuna aliyejibu. Siku ya nne akaandika, "Naona mmeafiki." Mama Mkaa akamtoa kabla ya chakula cha mchana. Akanieleza mwenyewe, anacheka mpaka anashika dirisha.

Jioni ile ile nikasikia hodi. Safari hii alibisha. Amevaa shati jeupe alilolipiga pasi vizuri, kofia mkononi, kama mtu anayekuja kuposa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Sikai." Akatazama kofia. Akatazama meza, simu ilipo. "Mzee, wamenitoa."

"Nimeambiwa."

"Sasa nilikuwa nafikiri." Akakohoa. "Kwa kuwa mama ndiye admini. Kama haitakuwa taabu. Nilikuwa naomba aniongeze."

"Umeleta sheria?"

"Sina hata moja, mzee. Naapa."

Nikamvutia kiti, nikamwambia akae angoje, nitamuuliza.